Mafuta ya Upako, Yameombewa na Maprofesa

Hii hadithi inanionyesha mjinga. Nimeigeuza kila upande nione kama kuna pembe ambayo nitatokea mwerevu, nimekosa. Basi naiandika hivyo hivyo. Nyie madereva wapya ndio mmeniuliza kwenye grupu, "Kaka Safari, kazi ya kupeleka dawa ikoje?" Kuwajibu kwa sauti sitaki. Mtaisikiliza mkiwa barabarani, mcheke, halafu mgonge mtu.

Nimestaafu. Msianze. Watu wanastaafu wakiwa na mvi na mgongo mbovu. Mvi sina, mgongo mbovu ninao, kwa hiyo nusu ya masharti nimetimiza. Ule utafiti uliokuwa unanilisha umefungwa, wagonjwa wamerudi kufuata dawa wenyewe hospitali, na mimi niliyekuwa nawapelekea mlangoni wakati wa Covid nimepewa keki na kadi yenye jina langu lililokosewa. Mambo ya cheo siyaongelei kwa sababu sikupanda cheo. Nilichopanda ni ngazi. Ghorofa zote za magharibi ya Sydney zenye lifti mbovu zinanijua.

Jina ni Safari. Kwetu Kongo hilo ni jina la mtu kama jina lingine, ila hapa wakilisikia wananiuliza kama nimewahi kuona simba. Nimezaliwa Uvira, nimekulia kambini Kenya, shule nimeishia la sita, na hilo la sita lenyewe tulikuwa tunagawana kitabu kimoja na la tano. Kabla ya Covid nilikuwa nafagia ofisi mjini. Lokdauni ilipokuja, ofisi zikafungwa, vumbi likakosa mtu wa kulileta, na mimi nikakosa kazi.

Aliyeniokota ni Sista Nyambura, nesi Mkenya niliyekuwa namwona kanisani. Yeye ndiye alikuwa anasimamia utafiti mmoja wa wagonjwa wa saratani. Wagonjwa hawakuruhusiwa kuja hospitali ovyo, na dawa za utafiti zilikuwa zimekaa tu kabatini. Alitaka dereva.

"Una leseni?"

"Ninayo."

"Unajua kusoma ramani?"

"Najua."

"Unajua kunyamaza?"

"Sana."

Mawili ya kwanza yalikuwa kweli.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye benchi la nje, tumekaa mbalimbali kama watu waliogombana, akanieleza kazi. Watu wanaopigwa dawa za saratani, ile kemo, wanatapika mpaka nyongo. Vidonge vya kuzuia vipo, lakini kwa wengine havitoshi. Utafiti ulitaka kujua hivi: ukiongeza juu ya vidonge mafuta yaliyotengenezwa kutoka mmea wa bangi, kichefuchefu kinapungua au hakipungui?

Nikamwambia, "Kwa hiyo Sista, nitakuwa nasambaza bangi ya serikali."

Hakucheka hata kwa macho, na enzi hizo macho ndiyo yalikuwa yamebaki.

"Sikiliza, wewe. Kwanza, hatujasema inaponya saratani. Usiende huko nje kuambia watu inaponya. Tunatafuta kama mtu anaweza kula chakula kikakaa tumboni, basi. Pili, hii kazi ina watu wanakufa. Utani wako uache kwenye gari."

Nikauacha kwenye gari. Shida ni kwamba kwenye gari nilikuwemo mimi.

Kitu kilichonishangaza ni chupa. Zilikuwa za kahawia, ndogo, zinafanana kama mapacha. Sista akaniambia nyingine zina mafuta ya bangi na nyingine zina mafuta matupu, hayana kitu. Rangi moja, harufu moja, ladha moja. Nikamuuliza ipi ni ipi.

"Sijui."

"Daktari je?"

"Hajui. Kompyuta ndiyo inajua, na imefungwa mpaka utafiti uishe. Tukijua sisi, tutaanza kuona tunachotaka kuona."

Nikasema hii ndiyo hospitali ya kwanza ambapo kutojua ni sehemu ya kazi. Nitaiweza.

Vyombo vya kazi ni hivi, mvitunze. Sanduku la bluu lenye kipimajoto ndani, na hicho kipimajoto ni mmbea: ukisahau sanduku juani ukanunua soseji, kitakusema ukifika ofisini. Glavu, barakoa, gauni la plastiki la dharura chini ya kiti. Na kiti cha plastiki, ambacho kila mgonjwa alikuwa anaweka mlangoni. Unaweka chupa mpya kwenye kiti, unabisha, unarudi nyuma mpaka getini, unasubiri. Mgonjwa anatoka, anakutajia jina lake na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti, majirani wote wanajua umri wake, anachukua chupa mpya, anaacha ya zamani. Mwezi wa tisa vaeni kofia ngumu, maana kuna ndege weusi wenye mabaka meupe wanalinda viota na wanadonoa kichwa cha mtu kutoka nyuma. Hawajali kama umebeba dawa.

Na sheria moja kubwa kuliko zote: dereva hajibu swali la dawa. Akikuuliza saa, jibu. Akikuuliza mvua, jibu. Akikuuliza ndani ya chupa kuna nini, sema, "Sista atakupigia." Basi. Hata mtoto wa chekechea anaweza.

Kulikuwa na mzee mmoja Mtaliano karibu na Parramatta ambaye hakuwahi kusema neno. Alikuwa ananinyanyulia dole gumba kupitia kioo. Siku moja nikafika, kiti hakipo mlangoni. Nilikaa kwenye gari na ile chupa yake mapajani, nimeshindwa kuwasha injini. Hapo ndipo nilielewa alichosema Sista pale kwenye benchi. Nilielewa, lakini mdomo wangu ulikuwa bado.

Sasa Mama Nabintu.

Alikuwa anakaa Macquarie Fields, nyumba ya serikali, na ule ua wa mbele alishang'oa nyasi zote akapanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Mama wa Bukavu, mjane, kiongozi wa wamama kanisani kwake. Saratani ilikuwa ya utumbo. Aliishi na binti yake Esperance, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la vyakula, na ghala la vyakula halikujua lokdauni. Mchana kutwa mama alikuwa peke yake.

Esperance alinikuta getini siku ya kwanza, anatoka kwenda kazini.

"Kaka Safari, hiyo chupa uifikishe kila mara. Daktari amesema uzito wa mama ukishuka chini ya mstari waliouweka, kemo inasimama. Na kemo ikisimama, hakuna kitu kingine wako nacho."

"Itafika, dada."

"Niapie."

Nikamwapia. Kwa hiyo mimi nilijua tangu mwanzo. Mama ale, uzito ukae, kemo iendelee. Asipokula, basi.

Kwenye utafiti alikuwa ameingizwa kwa simu, na mkalimani wa simu. Sista aliniambia baadaye yule mkalimani alikuwa na Kiswahili cha taarifa ya habari: "viambato," "washiriki," "kwa hiari yako bila shuruti." Mama Nabintu alijibu "ndiyo" mwanzo mpaka mwisho. Nyie mnaojua wamama wa kwetu mnaijua hiyo ndiyo. Haina maana ya "nimeelewa." Maana yake ni "nakuheshimu, endelea kusema, utachoka."

Safari yangu ya pili kwake, nimeweka chupa, nimerudi getini, ametoka na kitenge chake cha kijani, ameshika chupa, anaigeuza geuza.

"Mwana yangu, hebu uniambie. Watu ya kanisa wanasema siku hizi hospitali inapatia wagonjwa bangi. Humu ndani iko bangi?"

Mnakumbuka sheria. Mtoto wa chekechea, nimewaambia.

Nikasema, "Bangi gani, Mama? Haya ni mafuta ya upako! Yameombewa na maprofesa!"

Nikacheka. Nilicheka kweli, mpaka miwani ikapata ukungu. Yeye akaitazama chupa, akainyanyua kidogo juu, akasema, "Amina."

Nikajua tumetaniana. Nikaenda zangu nikiwa na raha, nikimhesabu Mama Nabintu kati ya watu wenye akili.

Ngoja niwaambie kitu ambacho hakuna mafunzo yoyote yatawafundisha. Barakoa inakula kicheko. Mtu akiwa getini, amefunikwa kuanzia pua mpaka kidevu, miwani imejaa mvuke, gari la hospitali nyuma yake, anachosema kinatoka kavu kabisa, kama tangazo. Hakuna meno. Na utani usio na meno ni habari.

Wiki zikaenda. Chupa za Mama Nabintu zilikuwa zinarudi zimekwisha, hata tone halimo. Sista alikuwa anampigia kila wiki, Kiswahili kwa Kiswahili.

"Mama, unatumia mafuta?"

"Ndiyo Sista. Asubuhi na jioni."

"Hukosi?"

"Siwezi kukosa! Ni mafuta ya Mungu."

Sista alidhani ni shukrani. Akaniambia, "Huyo mama ni mgonjwa wa mfano."

Lakini mimi ndiye nilikuwa namwona. Kila nikifika, kitenge kimemzunguka zaidi. Uso unaingia ndani. Paji la uso linang'aa, nikadhani ni jasho la ugonjwa. Siku moja alitoka ameshika ukuta, akataja jina lake, akasahau tarehe ya kuzaliwa, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki akiwa na chupa mkononi kama mtu anayesubiri basi.

"Mama, unakula?"

"Nakula. Kinarudi."

Esperance alinipigia jioni yake. Sauti ilikuwa chini, asisikike.

"Ameshuka tena. Yuko juu ya ule mstari kidogo tu, kidogo kabisa. Wanampima tena wiki kesho. Hayo mafuta yenu yanafanya nini, Kaka?"

Nikajibu safari hii kama sheria inavyosema: Sista atakupigia. Moyoni nilikuwa nasema labda amepewa ile chupa tupu. Labda kompyuta imemnyima. Nilikuwa na hasira na kompyuta kwa siku nzima. Mjinga hakosi mtu wa kumlaumu.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na zamu ya kwake. Helikopta ya polisi ilikuwa juu ya mtaa, inazunguka kama kawaida ya siku zile, inatuangalia sisi wa magharibi kama tuna pembe. Nikaweka chupa kwenye kiti. Nikabisha. Nikarudi getini.

Kimya.

Nikabisha tena. Nikampigia simu. Nikaisikia inalia ndani, ule mlio wake wa kwaya, karibu kabisa na mlango, mpaka ikakata.

Nikampigia Sista.

"Mama Nabintu hafungui."

"Labda amelala."

"Simu inalia nyuma ya mlango, Sista. Nani analala kwenye mlango?"

Tulikuwa tumekatazwa kuingia nyumba ya mgonjwa kwa sababu yoyote.

"Gauni unalo?"

"Ninalo."

"Vaa. Glavu, barakoa mpya. Mimi naita ambulensi kwa simu ya ofisi. Jaribu mlango. Na usikate hii."

Nikavaa lile plastiki, mguu mmoja umeingia kwenye mkono wa gauni. Nikashika kitasa. Kikateleza. Nikadhani ni jasho kwenye glavu, nikajifuta, nikashika tena, kikateleza tena. Nikaangalia kiganja. Mafuta. Nikanyanyua macho: kwenye fremu ya mlango, juu, kuna alama ya msalaba inang'aa. Na chini yake nyingine ya zamani. Na nyingine.

Nikasukuma mlango.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, beseni mapajani. Midomo imekauka imepasuka. Paji la uso linang'aa. Nyumba nzima inanuka yale mafuta.

"Mama! Ni Safari."

Akafungua macho polepole.

"Safari. Umeleta ingine?"

"Nimeleta, Mama."

"Aksanti. Ile imekwisha. Nilipakala mulango, nilipakala kitanda. Kila asubuhi napakala kichwa, kila jioni napakala tumbo, pale ugonjwa iko. Na naomba, Safari. Naomba kabisa. Na bado natapika." Akavuta pumzi. "Pengine niko na zambi mimi sijui."

Simu yangu nilikuwa nimeiweka sakafuni, spika imewashwa.

"Amesema amepaka nini?" Sista akauliza. "Safari, amepaka nini?"

Nikasogeza beseni pembeni.

"Safari! Ambulensi wako njiani, wanataka kujua amekunywa dawa gani. Mafuta amekunywa kiasi gani?"

"Hajakunywa."

"Leo?"

"Hajawahi kunywa. Anajipaka. Tangu mwanzo anajipaka."

"Ati nini? Nani alimwambia apake?"

Mama Nabintu akanyanyua kidole, dhaifu, akinielekezea mimi, lakini kwa wema, kama mtu anayemtambulisha pasta. "Ni yeye alinieleza. Ni mafuta ya upako. Waprofeseri waliombea."

Nilisikia tu helikopta.

Halafu Sista akasema, kwa ile sauti ya manesi ambayo ni laini na inatisha, "Mwambie ukweli sasa hivi. Halafu mwambie ambulensi inakuja na ataingia."

Nikapiga magoti pale kwenye korido.

"Mama, nisikilize. Nilikuwa natania. Yale maneno yalikuwa utani. Haya si mafuta ya upako. Ni dawa ya utafiti, unameza."



"Haikuombewa?"

"Haikuombewa, Mama."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukizima vile. Kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta, ukaondolewa. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningeshukuru.

"Ambulensi inakuja," nikasema.

"Siendi."

"Mama..."

"Nimesema siendi. Mama Zawadi wa kanisa alienda na Covid, peke yake, hakuna mutoto, hakuna muchungaji. Alirudi kwa sanduku. Kama ni kufa, nakufa mu nyumba yangu, Esperance ananikuta."

Sista akajaribu kwenye simu. Akamweleza maji mwilini yamekwisha, akamweleza dripu, akamwahidi kumpokea yeye mwenyewe mlangoni. Mama alikuwa anajibu "ndiyo, Sista," na sasa wote wawili tulijua hiyo ndiyo ni ya aina gani. King'ora kikaanza kusikika mbali. Mtu mzima mwenye akili zake akikataa, ambulensi haimbebi kwa nguvu. Nilijua hilo na Mama alilijua.

Halafu akasema, "Safari. Weye unajua kuomba?"

"Mimi?"

"Ulisema imeombewa. Haikuombewa. Basi ombea sasa. Ukiombea, naenda."

Ndugu zangu, mimi mara ya mwisho kuomba kwa sauti nilikuwa kambini, nikiomba timu yetu ishinde. Lakini nilichukua ile chupa mpya kutoka kwenye kiti, nikaishika kwa glavu, nikafumba macho.

"Baba... ni mimi Safari. Si safari ya kwenda, ni Safari mtu. Dereva. Najua tumepotezana. Huyu mama amefanya kila kitu alichoambiwa. Aliambiwa vibaya, na aliyemwambia ni huyu anayeongea. Usimhesabie yeye. Haya mafuta hayakuombewa, basi yaombewe sasa. Hata kama humo ndani hamna kitu. Na dripu iombewe. Na dereva wa ambulensi asipotee, maana hizi barabara za Mac Fields zote zinafanana. Asirudi kwa sanduku. Arudi kwa miguu. Basi... asante."

"Funga vizuri," Mama akasema.

"Kwa jina la Yesu."

"Amina."

Na kutoka sakafuni, kwenye simu, sauti ya Sista: "Amina."

Nikafungua macho. Mlangoni walikuwa wamesimama watu wawili wa ambulensi, wamevaa kama wanakwenda mwezini, wametulia kabisa, wanasubiri nimalize. Mmoja akashika kitasa, kikamteleza, akaniangalia. Nikamwambia ni dawa. Hakuuliza zaidi.

Mama Nabintu alienda.

Siku ya kupimwa uzito ilimkuta wodini, dripu mkononi. Daktari angeweza kuisimamisha kemo siku ile. Sista alimweleza kwamba mgonjwa hajawahi kumeza ile dawa hata mara moja, na daktari akaahirisha badala ya kufunga. Akambadilishia pia vile vidonge vya kuzuia kichefuchefu. Mama alipewa muda mfupi: uzito upande, au basi.

Mimi nilikuwa nasubiri kufukuzwa. Sista alinikuta kwenye maegesho. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kope.

"Nimeandika ripoti. Wewe umo, na mimi nimo."

"Wewe umefanya nini, Sista?"

"Kila wiki nimemuuliza unatumia. Mafuta ya kupaka yanatumiwa, sabuni inatumiwa, hata barabara inatumiwa. Sikuwahi kumuuliza unameza." Akafungua mlango wa gari lake, hakuingia. "Lakini wewe, Safari. Aki wewe."

Sentensi yake nzima ilikuwa hiyo. Bado naisikia.

Tangu siku hiyo hatukuuliza tena "unatumia?" Tulisema, "Nionyeshe unavyofanya." Liandikeni hilo kwenye mkono. Mgonjwa akikuonyesha, hakuna ndiyo ya heshima.

Mama aliporudi nyumbani, Sista alienda kumweleza utafiti upya, uani, katikati ya lengalenga. Nilimpeleka mimi. Amri yangu ilikuwa kusimama getini na kufunga mdomo.

"Mama," Sista akasema, "safari hii nasema wazi. Huu ni utafiti wa bangi."

Mama akashika kifua. "Bangi ile ya kuvuta?"

"Mmea ni ule ule. Huvuti. Ni mafuta, unameza kidogo kwa hii sirinji, haina sindano."

"Na hii chupa yangu iko na bangi?"

"Sijui."

"Daktari anajua?"

"Hajui."

Mama akageuka kunitazama mimi getini. Nikaangalia ndege.

"Munapatia mutu dawa, na hakuna anajua ni nini?"

"Ndiyo, Mama. Ndivyo tunavyopima. Na unaweza kukataa sasa hivi, matibabu yako mengine yanaendelea vile vile."

Huyu ni mama aliyewahi kumcharaza mtoto wa dada yake kwa fimbo kwa ajili ya kitu hicho hicho. Mimi pale getini nilikuwa nimeshika vyuma, navibana.

"Nikikataa, hamutajua kama inasaidia watu."

"Tutajua kwa wengine."

"Hapana. Mimi nilipakala chupa zenu zote kwa mulango. Niko na deni." Akanyoosha mkono. "Leta. Mungu anajua kama ni bangi. Yeye si kompyuta."

Akameza mbele yetu, akakunja uso, akasema ladha yake ni ya lengalenga iliyolala.

Ikaanza kukaa. Uji kwanza, kisha wali laini, kisha siku moja nikafika nikamkuta mlangoni kabla sijabisha, ana kipande cha fufu, ugali wetu wa muhogo, mkononi, ananionyesha kwa mbali kama refa anayeonyesha kadi. Akapimwa. Mizani ilipanda, si sana, ilitosha. Kemo ikaendelea mpaka mwisho. Nikapiga kelele ofisini, na Sista akanizima: mtu mmoja akila fufu si utafiti, na vidonge vyake tulishavibadilisha, huwezi kusema ni nini kilichosaidia. Yuko sahihi. Majibu ya utafiti mzima waulizeni wenyewe, mimi nimeishia la sita.

Utafiti ulipofungwa, kompyuta ikafunguliwa, na kila mgonjwa aliyetaka kujua akaambiwa chupa yake ilikuwa ya aina gani. Mimi sikuambiwa, si haki yangu. Nilikutana na Mama Nabintu baada ya ibada, kwenye sherehe ya ubatizo, barakoa zimeshavuliwa, watu wanakumbatiana kama wamefungwa miaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona meno yangu.

"Kumbe uko na mwanya," akasema. "Ningeona ile mwanya siku ile, ningejua ni mujinga anacheka."

"Nisamehe, Mama."

"Wacha. Sista alinipigia. Chupa yangu ilikuwa ile ya bure. Mafuta tu, hakuna bangi, hakuna dawa, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho."



Akanishika shavu kwa mkono wenye mafuta ya sambusa.

"Sasa angalia. Daktari hakujua, Sista hakujua, kompyuta ilinyamaza. Ni weye tu, mujinga, ulisimama pale mulangoni ukaniambia ni mafuta ya upako. Na ilikuwa nini ingine?"